Msamiati wa Kiajemi wa vitambaa na mguso wake: nianzie wapi, na maneno gani yanapotosha?

uzi_mwembamba

Wadau wa lugha, salamu. Herufi za Kiajemi nimeshazizoea na sarufi ya mwanzo naimudu. Sasa nataka msamiati wa vitambaa: aina zake, namna vinavyosikika mkononi, na maswali ya dukani. Malengo ni mawili: kusoma maelezo ya bidhaa kwenye maduka ya mtandaoni ya Iran, na kuelewana na wauzaji wa Kiirani hapa Dubai bila kuonyesha kwa vidole.

Kamusi inanipa orodha isiyo na maelezo. Kwa hariri napata abrisham, harir na atlas. Kwa ulaini napata narm, latif na sāf. Katān wanasema ni kitani, lakini nalikuta neno hilo kwenye suruali za pamba tupu. Halafu kuna lakht, zebr, khashen, koloft. Sijui lipi linakwenda wapi.

Nianze na yapi, yapi ya kuyaangalia kwa makini, na mnayakariri vipi hadi yakae?

---

mkalimani_bandarini

Ndugu, tupa hiyo orodha kwanza. Kitambaa kimoja kina majibu kwa maswali matatu tofauti, na Waajemi huyatenganisha: kimetengenezwa na nyuzi gani (jens, جنس), kimefumwaje (bāft, بافت), na kina tabia gani kikivaliwa au kikifuliwa. Kamusi inachanganya yote matatu kwenye mstari mmoja, ndiyo maana unaona maneno matatu ya "hariri".

Tuanze na hilo. Abrisham (ابریشم) ni nyuzi zenyewe, zile za kiwavi. Atlas ni jina la zamani la ufumaji unaong'aa upande mmoja. Leo dukani watu husema sātan (ساتن). Sātan inaweza kuwa ya abrisham au ya poliesta, kwa hiyo neno hilo halikuambii chochote kuhusu nyuzi. Na harir (حریر) ndilo la hatari kwa Mswahili: kwa Kiajemi cha leo ni kitambaa chepesi kinachoonyesha ndani, jamii ya shifoni, na mara nyingi sana ni poliesta tupu. Ukiagiza harir ukitarajia hariri, utaletewa kitambaa cha mtandio. Ukitaka hariri halisi sema "abrisham-e tabi'i", yaani abrisham ya asili.

Nyuzi nyingine za msingi:

Pamba ghafi ni panbe (پنبه), neno ambalo hutalisahau. Lakini kitambaa cha pamba dukani huitwa nakhi (نخی), kutoka nakh, "uzi". Kwa hiyo "nakh mikhāham" maana yake unataka uzi wa kushonea, na "pārche-ye nakhi mikhāham" ndiyo unataka kitambaa cha pamba. Kwenye lebo na fulana utakuta pia "nakh-panbe".

Sufu ni pashm (پشم), kitambaa chake pashmi. Baki na umbo hilo la pashmi unapozungumzia nguo. Neno pashm peke yake ni pia nywele za mwilini, na likiongezewa kiambishi cha "yangu" linakuwa lugha ya mtaani ambayo hutaki kuitoa mbele ya mzee wa duka.

Katān (کتان) kwenye kamusi ni kitani, na asili yake ndiyo hiyo. Sokoni limehamia: shalvār-e katān ni suruali ya pamba nzito iliyofumwa kwa mistari ya mshazari, ile ya kuvaa ofisini. Kitani chenyewe wauzaji wengi sasa hukiita linen (لینن). Na usiseme "katuni" ukidhani ni matamshi ya mtaani ya kitambaa hicho. Katuni ni raba za kitambaa, viatu.

Mahameli ni makhmal (مخمل). Kodrai ni makhmal-e kebriti, "mahameli ya kibiriti", kwa sababu mistari yake imepangana kama njiti. Jinzi ni jin au li (لی), hili la pili kutoka jina la kampuni ya Lee, na "shalvār-e li" utalisikia kila siku. Lesi ni dantel. Gipur ni ile lesi nzito yenye matundu na maua yaliyoinuka. Neti ni tur. Kitambaa cha suti cha sufu laini ni fāstuni. Bitana ni āstar. Ngozi ni charm, na ngozi yenye manyoyamanyoya upande wa juu kama ya viatu vya kiangazi ni jir.

Kuhusu sarufi, umebahatika. Sifa inakuja baada ya nomino kama kwetu, ila hakuna ngeli. Unganisha kwa -e baada ya konsonanti na -ye baada ya irabu: pārche-ye makhmal-e kebriti-ye sabz, kitambaa cha kodrai cha kijani. Kiunganishi hicho kwa kawaida hakiandikwi, kwa hiyo kwenye tovuti utaona پارچه مخمل کبریتی سبز na ni wewe wa kukitia unaposoma.

Idadi ndiyo inayowaponza Waswahili. Kwao namba hutangulia na nomino hubaki umoja, tena hakuna kiunganishi kati ya kipimo na kitu: "do metr pārche", mita mbili za kitambaa. Usiseme "do metr-e pārche".

---

fundi_Deira

Mkalimani kaeleza vizuri nyuzi. Mimi niingie kwenye mguso na tabia, maana ndiko pesa inakopotea.

La kwanza kabisa: لخت. Maandishi ni hayohayo, matamshi mawili. Lakht ni kitambaa kinachomwagika mwilini, kisichosimama, kama krepu nyepesi au viskozi. Lokht ni uchi. Kwenye maelezo ya kitambaa siku zote ni lakht. Kinyume chake dukani ni kitambaa chenye "istāyi" (ایستایی), yaani kinachosimama chenyewe: tāfte (tafeta), sātan nzito ya gauni la harusi. Kikiwa kikavu na kigumu kama kilichotiwa wanga, husemwa khoshk au āhāri. Āhār ni wanga wa nguo.

Jozi zinazochanganya:

Narm na latif. Narm ni laini kwa jumla, fulana, taulo, chochote. Latif ni ulaini mwororo, wa kitu chembamba au cha kugusa ngozi ya mtoto. Flaneli nzito ni narm lakini si latif.

Sāf na liz. Sāf ni uso usio na vinundu wala mikunjo; kwenye kitambaa halimaanishi usafi, kitambaa kisafi ni tamiz. Liz ni utelezi. Sātan ni vyote viwili. Ukimwambia fundi "lize", anaelewa mara moja kwamba kitamteleza chini ya mkasi na atahitaji pini nyingi.

Zebr na khashen. Zebr (زبر) ni uso unaokwaruza: gunia, sufu ya bei rahisi shingoni. Khashen ni ukali zaidi, na hutumika hata kwa mtu katili. Kwa nguo zebr ndiyo ya kawaida.

Koloft na zakhim. Vyote ni nene. Koloft ni ya mdomoni, zakhim ni ya maandishi. Kinyume ni nāzok, nyembamba. Usichanganye na sabok na sangin, wepesi na uzito. Kitambaa kinaweza kuwa zakhim na sabok pamoja, kama flisi ya sweta.

Kuonyesha ndani ni badan-namā, "kinachoonyesha mwili". Hili ulijue mapema, kwani karibu kila tangazo la kitambaa cha blauzi au mtandio linaeleza kama ni badan-namā, nime-badan-namā (nusu), au hapana.

Sasa khāb (خواب). Kamusi itasema usingizi. Kwa mahameli, kodrai na kitambaa chochote chenye vinyweleo, khāb ni upande ambao vinyweleo vimelalia. Papasa kwa kiganja: ukifuata khāb mkono unapita na uso unang'aa na kupauka kidogo; ukienda kinyume mkono unakwama na rangi inakoza. Vipande vyote vya nguo lazima vikatwe khāb moja, la sivyo mgongo na kifua vitaonekana rangi mbili ingawa vimetoka jora moja. Kwa sababu hiyo huwezi kupindua vipande ili kubana nafasi, na kitambaa lazima kizidi. Muulize muuzaji "khāb dāre?" kabla hujasema mita ngapi.

Maneno ya mkasi: rāste ni uelekeo wa nyuzi za mtande (zile za urefu wa jora), orib ni mshazari. Ru-ye pārche ni uso wake, posht-e pārche mgongo wake. Mtande na mshindio wenyewe ni tār na pud.

Na haya ndiyo maswali ya kwenda nayo, kwa matamshi ya mazungumzo:

"Jensesh chie?" Ni ya nini?
"Arzesh chande?" Upana wake kiasi gani? Hili ni la lazima. Gauni lililopimwa kwa kitambaa cha sentimita 150 halitatoka kwenye cha 110 kwa mita zilezile.
"Metri chand?" Mita moja bei gani?
"Āb mire?" Inarudi ikifuliwa? Neno kwa neno ni "inakwenda maji".
"Rang pas mide?" Inachuja rangi?
"Choruk mishe?" Inajikunja?
"Kesh miyād?" Inavutika?
"Porz mide?" Inatoa vinyweleo?
"Labash rish mishe?" Pembe zake zinafumuka?

Angalia hili moja: āb mire ni kurudi, lakini āb mishe ni kuyeyuka. Silabi moja tu.

---

darasa_la_jioni

Naongeza upande wa kukariri, na nina hoja moja tofauti na fundi: usianze na maswali. Mwanafunzi anayejua kuuliza "jensesh chie?" bila kujua majibu kumi yanayowezekana atasikia mlolongo wa sauti tu. Anza na majibu.

Tengeneza vipande vya sampuli, sentimita 5 kwa 5 vinatosha, kumi na viwili kwa kuanzia: pamba ya shuka, kodrai, mahameli, satini ya poliesta, hariri halisi, sufu, kitani, jinzi, lesi, neti, shifoni na flaneli. Kila kimoja kibandike kwenye kadi kwa ukingo wa juu tu, ili kidole kiguse pande zote mbili. Nyuma ya kadi andika mistari mitatu kwa herufi za Kiajemi: nyuzi, ufumaji, sifa mbili za mguso. Mfano wa kodrai ya pamba: نخی، مخمل کبریتی، نرم و ضخیم. Matamshi yaandike kwenye daftari, yasiwe kwenye kadi, maana jicho likiona herufi za Kilatini halisomi tena za Kiajemi.

Zoezi lenyewe: funga macho, vuta kadi, gusa, kisha sema sifa kwanza na jina baadaye. Wengi hufanya kinyume na matokeo yake ni majina mengi wasiyoweza kuyaeleza. Baadaye chukua kadi mbili na linganisha kwa -tar: "in narmtar-e", hii ni laini zaidi, "un zebrtar-e", ile inakwaruza zaidi. Kulinganisha kunalazimisha kufikiri, kutaja jina hakulazimishi. Kadi uliyoipata sawa irudie baada ya siku chache, uliyokosea irudie kesho yake.

Kinachoharibu zoezi hili ni sampuli ya uongo. Ukiandika abrisham nyuma ya poliesta, kidole kitajifunza uongo na utaurudia dukani. Hakikisha kwa moto: chomoa nyuzi chache za urefu wa kidole, zishike kwa kibano juu ya bakuli la maji, mbali na pazia, na uwashe. Pamba na kitani huungua kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu laini ya kijivu. Hariri na sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima zikiondolewa motoni na kuacha kidonge cheusi kinachosagika. Poliesta hujikunyata, huyeyuka na kuacha kidonge kigumu kisichovunjika kwa vidole. Ukifanya hivyo, taja vitenzi papo hapo: misuze, inaungua, āb mishe, inayeyuka, bu mide, inanuka. Kwa kitambaa chenye mchanganyiko jaribio hili linakupa dokezo tu, jibu kamili liko kwenye lebo.

Matamshi: ā na a ni irabu mbili. Ā hutamkwa nyuma mdomoni, karibu na "o" iliyofunguliwa. A ni ya mbele, karibu na "e". Tār (mtande) na tar (kilicholowa) ni maneno mawili, na masikio ya Mswahili huyaunganisha. Kh na gh tunazo tayari kwenye kheri na ghali, hapo usihangaike. Zh ya zhorzhet (kitambaa chepesi cha jamii ya krepu) ndiyo ngeni: ni "sh" yenye mtetemo kooni.

Kisha tumia jamaa tulio nao. Msamiati wetu wa nguo umepita Bahari ya Hindi pamoja na majora, na mwingi una ndugu Kiajemi, mengine kwa kupitia Uarabuni au Uhindi: rangi ni rang, shali ni shāl, gunia ni guni, zari ni zari, melimeli ni malmal. Bafta yetu, pamba nyeupe nyembamba, ina mzizi mmoja na bāftan, kufuma. Cherehani ni charkh, gurudumu. Cherehani kwao ni charkh-e khayyāti. Lakini undugu si usawa. Bāfte ni chochote kilichofumwa, na ukisema "bāft" kwenye duka la nguo utaonyeshwa masweta. Bazzāz ni muuza vitambaa tu, neno la heshima. Dharau tuliyoiweka kwenye bazazi haipo kule.

Wale wanaopenda vitambaa vya jadi, jifunzeni neno pamoja na mji wake, vitashikana: terme ya Yazd, yenye mapambo ya bote-jeghe, lile tone lililopinda ncha, qalamkār ya Isfahan, pamba iliyopigwa mihuri ya mbao kwa rangi nyeusi, nyekundu, buluu na manjano, makhmal na zari za Kashan, zilu ya Meybod, mkeka wa pamba usio na vinyweleo. Kwenye mazulia kuna pia kork, sufu nyororo ya daraja la juu. Kwenye nguo kork ni vinyweleo tu, na korki ni kitambaa chenye manyoyamanyoya.

Mwisho, msizungumze na Mwafghani kwa msamiati wa Tehran mkashangaa. Kitambaa kwao ni teke, neno ambalo Iran ni "kipande".

---

uzi_mwembamba

Shukrani sana, wote watatu. Habari ya harir imenifungua macho. Naomba mnisaidie na tangazo kama hili, ndiyo aina ninayokutana nayo:

پارچه کرپ حریر خال‌خالی، عرض ۱۵۰، لخت و سبک، نیمه‌بدن‌نما، بدون آبرفت، مناسب شومیز. قیمت هر نیم متر

Nimeelewa maneno mengi, lakini خال‌خالی, بدون آبرفت na mstari wa bei vinanisumbua. Na je, ukichukua kwa blauzi moja utaagizaje?

---

mkalimani_bandarini

Khāl-khāli ni madoadoa ya duara. Khāl ni doa la usoni. Liweke kwenye fungu moja na rāh-rāh (mistari), chahār-khāne (drafti, neno kwa neno "vyumba vinne", mtaani chārkhune), goldār (maua) na sāde (rangi moja bila pambo).

Bedun-e ābraft ni "bila kurudi". Ni nomino iliyotokana na kile kitenzi āb raftan alichokitaja fundi. Kwa poliesta dai hilo huwa kweli. Ukilikuta kwenye pārche-ye nakhi, loweka hata hivyo kabla ya kukata.

Tangazo lote: krepu nyepesi ya jamii ya shifoni, yenye madoadoa, upana sentimita 150, inamwagika na ni nyepesi, inaonyesha ndani kwa nusu, hairudi, inafaa blauzi. Jens haikutajwa popote. Kwa jina la krep harir, chukulia ni poliesta hadi muuzaji aseme vingine, na muulize.

Bei ndiyo mtego. Qeymat-e har nim metr ni "bei ya kila nusu mita". Maduka mengi ya mtandaoni huuza kwa vipande vya nusu mita, kwa hiyo ukitaka mita moja na nusu unaweka idadi 3 kwenye kapu. Ukiweka 1.5 mfumo utakataa, na ukiweka 1 utaletewa kitambaa cha kushonea kola. Angalia pia kama bei ni tumani au riali: tumani 1 ni riali 10. Na tarakimu: ۴ ۵ ۶ za Kiajemi zina umbo tofauti na ٤ ٥ ٦ ulizozoea kwenye maandishi ya Kiarabu hapo Dubai, ukizisoma haraka utakosea upana.

---

fundi_Deira

Kwa blauzi ya mikono mirefu, mtu wa umbo la kawaida, upana 150: mita moja na nusu inatosha. Kwa kuwa ni nime-badan-namā utahitaji āstar ya kifuani na mgongoni, karibu mita moja. Ukiwa dukani sema: "Ye metr-o nim az in lotfan, bā ye metr āstar-e hamrang", mita moja na nusu ya hii tafadhali, pamoja na mita moja ya bitana ya rangi ileile. Hamrang ni "rangi moja", utalitumia kwa uzi na vifungo pia: nakh-e hamrang, dokme-ye hamrang.

Kwa nguo ambayo hujui mita zake, uliza kwa qavāre (قواره), kipande cha kutosha vazi moja: "ye qavāre shumiz chand metre?" Blauzi moja inakula mita ngapi? Muuzaji atajibu kwa upana wa kitambaa alichokishika, na hiyo ndiyo hesabu sahihi. Jora zima ni tāqe, na kwa jumla utasema "tāqe'i chand?"

Kabla hajakata, geuza kitambaa, vuta pembe moja kwa mshazari uone kama kinarudi mahali pake, kisha finya ndani ya ngumi kwa sekunde chache na uachie. Kikibaki na mikunjo, jina lake ni choruk hata kama tangazo liliandika zedd-e choruk, "kisichojikunja".